Haiku na picha ya rangi za maji: ukichora kilekile ulichoandika unaua vyote viwili?

#1 KalamuMbichi
Habari zenu wakuu. Nina hoja imenikaa kichwani muda mrefu. Huwa naandika haiku, vile vishairi vya Kijapani vya silabi 5-7-5, za majira halafu nazichorea picha za rangi za maji, shairi moja picha moja, kuanzia masika mpaka vuli. Kila nikimwonyesha mtu macho yanakimbilia picha, anatabasamu, anasema "umejua kuchora", shairi hata hajaligusa. Nimefika mahali naamini kwamba ukichora kilekile ulichoandika umeua vyote viwili.

Wajapani ndio wenye mali, haiku na picha yake pamoja wanaita haiga, na mabingwa wao naona shairi linasema hiki picha inaonyesha kile. Mfano Buson (1716 hadi 1784), huyu alikuwa mshairi na pia mchoraji wa kulipwa, mkate wake ulitoka kwenye burashi. Miaka ya 1778 na 1779 alinakili mara kadhaa habari za safari ya mshairi Basho ya 1689 kwenda kaskazini na kuzitia picha. Safari yenyewe imejaa milima, visiwa, magofu ya ngome. Yeye kachora nini? Watu. Watu wanaagana, kipofu anapiga ala, mandhari karibu hakuna. Kwa nini?

Yangu ya karibuni hii hapa:

*Masika tena
kandambili moja tu
inaelea*

Nikachora kandambili inaelea mtaroni. Imekufa. Semeni.

#2 WaPangani
Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ila mkuu kandambili ya rangi gani? Maana kama ni ya bluu hiyo ni yangu, nirudishie.

#3 BintiKusi
@KalamuMbichi shairi zuri. Chora ile nyingine, iliyobaki kibarazani. Basi. Hakuna mtaro, hakuna maji, hakuna mvua. Pea imevunjika, mtu akisoma shairi anaelewa mwenyewe ile ya pili imekwenda wapi.

#4 FundiRangi
Mnakimbilia falsafa wakati tatizo ni karatasi. Nipe jibu kwanza unachorea nini? Kama ni zile daftari za kuchorea za shule rangi inazama, karatasi inafanya mawimbi, ukipitisha burashi mara ya pili inaota manyoya. Tafuta ya gramu 300 na kama mfuko unaruhusu iwe ya pamba, ibandike kwenye ubao pande zote nne ndio uilowanishe. Picha ikiwa chafu hata ungechora kitu tofauti na shairi bado chafu.

#5 KalamuMbichi
@BintiKusi hiyo ya kibarazani naichukua bila aibu. @FundiRangi gramu 300 ninayo, tatizo ni huku Dar kipindi hiki picha inakaa siku nzima bado mbichi.

#6 MswahiliOsaka
Salaam wadau. Nipo Japani kwa masomo, sio mtaalamu wa sanaa ila makumbusho naingia, wanafunzi tunapunguziwa kiingilio. @KalamuMbichi hoja yako ya kwanza ina tundu. Sio kweli kwamba mabingwa siku zote walitofautisha. Basho ana shairi lake maarufu la kunguru ametua kwenye tawi kavu, jioni ya majira ya mapukutiko, na ipo haiga ya shairi hilo yenye kunguru ametua kwenye tawi kavu. Kilekile neno kwa neno. Tena Basho kuchora alifundishwa na Kyoriku, ambaye kwenye ushairi alikuwa mwanafunzi wake. Yaani kwenye burashi mwalimu alikuwa mwanafunzi.

Ila kuna kitu kitamu zaidi hapo. Shairi lenyewe kwa Kijapani halisemi kunguru ni wangapi. Ipo picha nyingine ya shairi hilohilo ina kundi zima la kunguru, na nyingine ina mmoja tu. Watu wamebishana sana ipi ndiyo sahihi. Sasa ona, shairi lilikuwa huru, mchoraji ikabidi aamue. Mimi nadhani madhara ya picha yapo hapo. Kurudia sio shida, shida ni kuamua kwa niaba ya msomaji.

#7 MzeeWaMizani
Vijana, mimi ni mtu wa tarbia. Mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Mnaniletea kipande cha silabi 17 hakina kina hata kimoja mnakiita shairi, halafu mnalalamika msomaji anatazama picha. Hana cha kusikia, atafanya nini?

#8 WaPangani
Mzee kaja na miaka ya 70 mfukoni 😂 vita vya wanamapokeo na wanamabadiliko viliisha mzee wangu, rudini nyumbani

#9 MzeeWaMizani
Havijaisha. Tulisimama kupumzika.

#10 Nyenje_wa_Mchana
@MswahiliOsaka umenena. Naongezea asili ya jambo lenyewe maana watu wanadhani haiku ilizaliwa peke yake. Kabla ya kuitwa haiku kilikuwa kifungu cha kufungulia ushairi wa kupokezana, watu wamekaa duara, wa kwanza anatoa silabi 5-7-5, wa pili anajibu 7-7, wa tatu 5-7-5 inaendelea hivyo. Sheria ilikuwa unapopokea usirudie alichosema mwenzako, unasogea. Na Basho alipenda kiungo kiwe kama harufu tu, kifungu cha pili kinanusa cha kwanza bila kukishika. Kwa hiyo mchoraji wa haiga kajiona ni mtu wa pili kwenye duara. Amepokea, anajibu. Hilo ndilo jibu la swali lako la Buson, alikuwa anapokea kifungu, hakuwa anapamba kitabu.

#11 MzeeWaMizani
Hayo ya kupokezana nayakubali. Hata sisi tuna kujibizana, mtu anatunga swali mwenzake anamjibu kwa bahari ileile. Sasa mnazungumza.

#12 FundiRangi
@Nyenje_wa_Mchana nadharia nzuri ila bado mnasahau mkono. Wale walitumia wino wa masizi na gundi, unasagwa na maji kwenye jiwe, na karatasi yao ya asili inanyonya palepale. Ukigusa umegusa. Hakuna kufuta, hakuna kunyanyua rangi kwa kitambaa kama tunavyofanya sisi kwenye karatasi iliyotiwa gundi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchora kila kilichomo kwenye shairi hata akitaka. Anapiga michirizi michache anaacha. Kwa hiyo ule "uwazi" mnaousifia nusu yake ni karatasi ilivyo. Sisi tuna rangi 24 na muda wa kurekebisha ndio maana tunajaza kila kona.

Na theluji haichorwi jamani. Unaacha karatasi nyeupe unatia giza pembeni yake. Mtu akinunua rangi nyeupe kuchora theluji namwangalia tu.

#13 Mtu_wa_Muscat
Theluji mnaichora mkiwa Dar? 😂 Huku kwetu Muscat nichore nini, nyuzi joto 45 na AC?

#14 BintiKusi
@Mtu_wa_Muscat wewe una Salala hukohuko Oman! Kuanzia Juni mpaka Septemba milima ya Dhofar inakuwa kijani, ukungu, manyunyu, watu wanatoka Ghuba nzima kwenda kupoa. Na huo ni upepo wa kusi uleule unaotusukumia mawimbi huku pwani. Mngeweza kuandika haiku moja wewe na mtu wa Tanga, wewe unachora ukungu yeye anachora ngalawa imevutwa pwani haiendi popote.

#15 Mtu_wa_Muscat
Hiyo nimeipenda. Tanga nani yupo?

#16 WaPangani
Mimi! Ila kuchora siwezi, mimi nitashika mwavuli.

#17 Zambarau254
Niaje watu wa huku. Nairobi hapa. Hii kitu si ngeni, kulikuwa na vilabu vya haiku kwa mashule huku, na wakakusanya orodha ya maneno ya majira ya Kenya, yaani badala ya maua ya sakura ya Wajapani una jakaranda, ule mwezi wa kumi barabara inageuka zambarau yote, una baridi ya Julai na vumbi la kiangazi. Kwa hivyo wale wanasema haiku haitufai juu hatuna majira manne, wapi. Majira tuko nayo, orodha ndio hatuna.

Pia JAL Foundation ya Japani hufanya shindano la haiku la watoto wa dunia nzima, mwisho miaka 15, na kila mtoto lazima achore picha yake pamoja na shairi. Na watoto huchora nini? Kilekile walichoandika! Mvua, wanachora mvua. Paka, paka. Na zinatoka poa kuliko zetu. So @KalamuMbichi labda shida ni wewe kufikiria sana.

#18 KalamuMbichi
Hahaha sawa. Ila mtoto akichora paka haelezi shairi, anachora paka wake. Kuna tofauti lakini naona nashindwa kuisema.

#19 HarufuYaUdongo
Mmezunguka sana, jibu ni Zeni, ile Budha ya kutafakari. Utupu. Kile ambacho hakijachorwa ndio chenyewe. Soma mambo ya Zeni utaelewa haiku na picha vyote vinaelekeza kidole kwenye ukimya.

#20 Nyenje_wa_Mchana
@HarufuYaUdongo hapana bana. Zeni ipo ila imevimbishwa, na waliochangia sana ni wasomaji wa Magharibi baada ya vita vya pili. Kuna Mwingereza R. H. Blyth alitoa juzuu 4 za haiku kati ya 1949 na 1952, kazipanga kwa majira, kazi kubwa sana na ya kuheshimiwa, ila Zeni kaipaka kila mahali. Haiku ilikuwa pia ya wafanyabiashara, madaktari, watu wanakunywa na kucheka. Issa, bingwa mwingine wa haiku, kaandika mashairi mangapi ya viroboto na nzi?

#21 HarufuYaUdongo
Kiroboto nacho kina utupu.

#22 WaPangani
Kina utupu mpaka kikuume

#23 MswahiliOsaka
Turudi kidogo kwenye rangi za maji maana mada ni hiyo na tumekaa kwenye wino tu. Rangi za maji kwa mtindo wa Kizungu zilishika kasi Japani zama za Meiji (1868 hadi 1912). Kuna mchoraji Oshita Tojiro (1870 hadi 1911), alitoa mwongozo wa kuchora kwa rangi za maji mwaka 1901 na 1905 akaanzisha jarida la Mizue, vijana wengi wakaanza kubeba visanduku vya rangi kwenda mashambani.

Lakini ninayetaka kumleta hapa ni Masaoka Shiki. Ndiye aliyelipa umaarufu jina "haiku" tunalotumia leo. Kazaliwa 1867 Matsuyama, kafa 1902 Tokyo, kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo. Miaka yake ya mwisho hakuweza kuinuka. Ulimwengu wake ulikuwa kitanda na kibustani kilichoonekana kutoka ndani. Rafiki yake mchoraji Nakamura Fusetsu alimpa rangi za maji, na majira yale ya joto ya 1902 akawa anachora matunda na maua akiwa amelala ubavu, mara nyingi baada ya kumeza mofini maumivu yakishuka kidogo. Mwenyewe aliandika kwamba hiyo ndiyo starehe yake kubwa.

Na nadharia yake yote ya haiku, ile ya kuandika unachokiona kwa macho, aliichukua kutoka kwa wachoraji hao wa mtindo wa Kizungu kupitia kwa Fusetsu. Yaani kwake picha haikuwa pambo la shairi, ilikuwa mwalimu wa shairi. Sasa @KalamuMbichi nadharia yako ya "usichore ulichoandika" mbele ya Shiki inapata shida, maana yeye alichora ua kwa sababu ua lipo.

#24 BintiKusi
Dah. Huyo nimemwelewa kuliko wote waliotajwa. Na hayo maua na matunda aliyaandikia haiku juu yake palepale au vitu viwili mbalimbali?

#25 MswahiliOsaka
@BintiKusi zaidi ni michoro yenyewe na vimaelezo, haiku zake zinaenda pembeni. Ila sikia hii. Bustanini kwake kulikuwa na madodoki yanatambaa kwenye kichanja, haya haya madodoki yetu ya kuogea. Majimaji ya shina lake yalitumika kama dawa ya makohozi. Tarehe 18 Septemba 1902 kashikiwa ubao wa karatasi, kaandika haiku tatu za mwisho, zote zina dodoki. Moja inasema dodoki limechanua na yeye anakufa amejaa makohozi. Usiku huo kuamkia 19 akafariki. Mpaka leo kumbukumbu ya kifo chake inaitwa siku ya dodoki.

#26 FundiRangi
Dodoki!! Sikutegemea. Kesho naenda kwa mama yangu kulichora lile lililopanda kwenye mpapai.

#27 MzeeWaMizani
Mtu anakufa anahesabu silabi. Huyo ni mshairi. Nimevua kofia.

#28 Zambarau254
@MswahiliOsaka wacha nikuulize, hilo dodoki ni la majira gani kwa vitabu vyao? Juu Septemba mwanzo ni joto bado huko Japani sindio?

#29 MswahiliOsaka
Mapukutiko. Na hapo ndipo kwenye kichekesho chote. Wana vitabu vya kupanga maneno ya majira, kila neno na mahali pake. Chura ni majira ya kuchipua. Mwezi ukiutaja tu bila maelezo ni mapukutiko. Tikitimaji kwa mpangilio wa zamani nalo mapukutiko, wakati kila mtu analila kwenye joto kali! Sababu ni kalenda. Kwa hesabu ya zamani majira ya kuchipua yanaanza tarehe 4 Februari hivi na ya mapukutiko tarehe 7 au 8 Agosti. Mwaka 1873 Japani wakahamia kalenda ya Kizungu, sikukuu zikahama, maneno ya majira yakabaki yalipokuwa. Tanabata, sikukuu yao ya nyota, sasa sehemu nyingi inafanyika tarehe 7 Julai, kipindi ambacho mara nyingi bado tsuyu, mvua zao za msimu, zinanyesha, na kitabuni ni ya mapukutiko.

Kwa hiyo ukichora haiku ya Tanabata unachora nini, mvua unayoiona au nyota za kitabuni? Watu huku wanabishana hivyohivyo.

#30 Nyenje_wa_Mchana
Nafikiri hii inajibu kwa nini picha zao ni nyepesi na zinatosha. Neno la majira tayari limebeba picha. Ukisema "mwezi" msomaji wao ameshapata ubaridi, nyasi, upweke na mashairi elfu aliyosoma shuleni. Mchoraji ana kazi gani tena, anaweka kibuyu tu kwenye kona. Sisi ukisema "mwezi" mtu anafikiria kufunga au kufungua, au mvuvi wa dagaa anafikiria leo hakuna kazi. Kwa hiyo picha yetu lazima ifanye kazi zaidi. @KalamuMbichi watu wanaangalia picha yako kwa sababu shairi lako halina urithi nyuma yake, sio kosa lako.

#31 BintiKusi
Sikubali @Nyenje_wa_Mchana. Masika halina urithi? Nitajie Mtanzania mmoja ambaye ukisema masika haoni matope, magari yamekwama Jangwani, harufu ya nguo hazijakauka. Kusi? Kaskazi? Kumbikumbi wanadondosha mbawa chini ya taa? Mvuvi mwenyewe uliyemtaja, kwake giza ndio neno la majira. Urithi upo umejaa, hatujaupanga kitabuni tu, kama alivyosema @Zambarau254.

#32 Nyenje_wa_Mchana
Kuwepo na kuandikwa mara elfu na washairi ni vitu viwili. Ila kumbikumbi umenishinda nakiri hapana cha kujibu.

#33 WaPangani
Kumbikumbi usichore, kaanga.

#34 KijanaWaNjombe
Nami niweke yangu basi, nyie wa pwani mnaongea mvua tu:

*Njombe Julai
povu limekataa
ndani ya ndoo*

Picha niliyochora ni mlima na ukungu asubuhi. Kufua wala ndoo hakuna. Mnaonaje?

#35 FundiRangi
Shairi kali. Picha ya mlima na ukungu lakini ni kalenda ya benki mkuu. Chora mikono. Nyekundu. Rangi nyekundu kidogo na hudhurungi, karatasi mbichi vidole tu, kila kitu kingine kiache.

#36 BintiKusi
Mikono ndiyo. Na ona @KalamuMbichi, hapo hajarudia shairi na hajalikimbia.

#37 Zambarau254
Mimi ningechora sweta limeanikwa 😄 yangu hii, nimeazima mti wenu wa Dar juu nilikuja Desemba:

*Mkrismasi
dereva wa bajaji
afuta kiti*

#38 MzeeWaMizani
Mshororo wa kwanza una mizani 4. M-kri-sma-si.

#39 Zambarau254
M-k-ri-s-ma-si. 6. Nikitoa wastani ni 5 😂

#40 MzeeWaMizani
Ushairi hauna wastani kijana. Lakini naona maua mekundu yamedondoka kwenye kiti na hujayataja hata kidogo. Hapo umenipiga chenga, nakupa.

#41 FundiRangi
Na hapa ndio pagumu sasa. Ukichora maua mekundu umefichua siri ya shairi. Usipoyachora, mtu asiyeujua huo mti haelewi anafuta nini. Wa Dar anajua, wa Muscat hajui.

#42 Mtu_wa_Muscat
Naujua bwana, mimi Mtanzania wa Ilala. Chora kitambaa mkononi kina doa jekundu.

#43 HarufuYaUdongo
Doa jekundu watu watadhani ajali.

#44 Mtu_wa_Muscat
Hapo sijajibu.

#45 Dada_Burashi
Nimesoma uzi wote, asanteni sana. Mimi nafundisha watoto kuchora jioni na nina maelezo tofauti kabisa na yenu. Haiga nyingi zilikuwa zawadi. Umealikwa, umekula, mwenyeji anakuletea karatasi au feni au kijiubao unaandika shairi na kupiga burashi mara tatu, unaacha. Mwenyeji alikuwepo! Aliona mwezi, aliona kibuyu cha sake, pombe yao. Haikuhitaji kueleza kitu kwa mtu ambaye hakuwepo. Sisi tunachora tupige picha tuweke mtandaoni, anaangalia mtu asiyetujua yuko kwenye foleni ya mwendokasi. Lazima tujaze. Ukitaka picha yako ipumue, mchoree mtu mmoja mnayejuana.

#46 KalamuMbichi
@Dada_Burashi hii imenigusa kuliko zote, japo ya @MswahiliOsaka ya "kuamua kwa niaba ya msomaji" bado inanivuta, na ya karatasi siwezi kuikana. Mpaka sasa nina majibu matano na yote yananiambia nichore kandambili tofauti.

#47 TingaMwenge
Mimi wa Tingatinga, nawasoma nacheka. Sisi rangi ya kung'aa ya mafuta kwenye ubao, nafasi tupu ni nafasi ambayo hujaimaliza 😂 mteja anataka chui, twiga na mlima kwa pamoja. Ila swali la ukweli, hiyo ya kuacha nyeupe mnamuuzia nani?

#48 Dada_Burashi
Hatuuzi mkuu ndio maana tuna muda wa kubishana.

#49 FundiRangi
Buson aliuza. Hata yeye bili zilikuwepo.

#50 BintiKusi
Swali la mwisho kwa @MswahiliOsaka kabla sijalala. Nimesikia vitabu vyao vina majira matano sio manne, mwaka mpya unasimama peke yake. Sasa sisi tukipanga orodha yetu Ramadhani tunaiweka wapi? Inazunguka mwaka mzima, miaka mingine inaingia kiangazi, mingine masika.

#51 MswahiliOsaka
Kweli mwaka mpya ni sehemu ya tano. Ramadhani sijui, labda sehemu ya sita inayotembea 😅 kila mwaka inasogea siku kama 11 nyuma. Mchoraji ndio ataamua futari ina mvua au jua.

#52 MzeeWaMizani
Na Mwaka Kogwa wa Makunduchi? Huo unaendeshwa na kalenda ya jua, ya Nairuzi, kila mwaka Julai. Huo una majira yake, hauzunguki kama Ramadhani.

#53 BintiKusi
Basi tunao wetu wa mwaka mpya, na ni wakati wa kusi. Wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanawatupia mashairi ya kejeli. Hapo nani anachora?

#54 WaPangani
Mimi nilisema nashika mwavuli, migomba sijasema.